Injini Inamisi: Itafute Silinda Kabla ya Kununua Kipuri

SWALI: Gari langu ni la zamani, silinda 4, lina kabureta (kichanganya petroli na hewa) na distributa (kigawa umeme kwa plagi). Likiwashwa linatikisika, na bomba la moshi linatoa mlio unaokatika kwa mpigo uleule. Nimeshabadilisha plagi zote na hali haijabadilika. Ninunue nini sasa?

JIBU: Kwa sasa usinunue kitu. Mpigo unaokatika mahali palepale kila mzunguko maana yake silinda moja imelala, yaani haiwaki; ndiko kumisi huko. Ingekuwa inakosa ovyoovyo, tungeanza na vitu vinavyohudumia silinda zote: petroli, hewa, koili (inayokuza umeme wa plagi).

Injini ikishapata moto, izime. Chomoa waya wa silinda ya 1 kwenye plagi yake, uchomeke kwenye plagi ya akiba uliyoifunga imara kwenye chuma cha injini, kisha washa. Mzunguko ukishuka na mtikisiko ukazidi, silinda hiyo ni nzima. Zima, rudisha waya, nenda ya 2, ya 3, ya 4. Ile ambayo ukiikatia moto injini haishtuki, ndiyo mgonjwa wako.

Wapo wanaochomoa waya injini ikiwa inaunguruma. Hapo pana volti 20,000 na zaidi. Usiige, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie kabisa. Wala waya usiuache ukining'inia: umeme ukikosa njia hujitafutia nyingine, na unaweza kutoboa koili au rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa). Kama bomba la moshi lina kataliti (kisafisha moshi), kila jaribio liwe la sekunde chache tu, maana petroli isiyoungua huenda kuwakia humo.

Sasa ngoja injini ipoe, fungua plagi ya silinda iliyolala uisome. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto haufiki. Ikiwa na oili, fikiria ringi za pistoni au sili za valvu. Masizi makavu meusi ni petroli kuzidi. Kagua choki (kibana hewa cha kuwashia injini baridi) na kichujio cha hewa, ingawa hapo kwa kawaida plagi zote huwa nyeusi. Rangi ya hudhurungi hafifu ni ya plagi yenye afya, na kwenye silinda iliyolala rangi hiyo haidumu.

Iliyolowa petroli, badilishana waya wake na wa jirani. Hapa ndipo wengi wanapochemka: hamisha waya mzima, ncha zote mbili. Ukigeuza ncha za upande wa plagi peke yake umevuruga mpangilio wa kuwaka (1-3-4-2 kwa injini nyingi, 1-2-4-3 kwa baadhi) na injini itabaki inapiga risasi kwenye kabureta. Ugonjwa ukihama na waya, umeupata. Ukibaki, fungua kifuniko cha distributa, ukitazame ndani kwa tochi. Unachotafuta ni ufa mwembamba mweusi, kama mstari wa penseli, unaotoka kituo kimoja cha shaba hadi kingine. Ufa huo ni kaboni, nao unapitisha umeme. Kuusugua hakusaidii, badilisha kifuniko pamoja na rota.

Wakati wa kurudisha plagi yenye washa (pete bapa ya chuma) mpya, ikaze kwa vidole hadi ikae, kisha spana nusu mzunguko. Kwenye silinda hedi ya alumini, nguvu za ziada zinakula nyuzi.

SWALI: Langu linatulia vizuri likiwa limesimama. Nikipanda mlima au nikikanyaga mafuta kwa nguvu ndipo linamisi.

JIBU: Ukikanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Moto dhaifu unaotosha kwenye tambarare unashindwa hapo. Pima nafasi ya plagi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): magari mengi ya kontakti (vidato vya kukata umeme ndani ya distributa) hutaka milimita 0.6 hadi 0.8, ya moto wa kielektroniki hufika 1.1, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kontakti zenyewe huwa karibu 0.4. Zikiwa zimeungua na kuchimbika mapema, zibadilishe pamoja na kondensa (kizuia cheche kwenye kontakti), la sivyo mpya nazo zitaungua vivyo hivyo.

Mtingishiko wa ghafla, wa kukatakata, ni moto. Gari likilegea polepole kama linakosa pumzi, kagua kichujio cha petroli kwanza.

SWALI: Linamisi nisipokanyaga mafuta tu. Nikiongeza kidogo linanyooka.

JIBU: Hewa inaingia kwa wizi. Injini ikiunguruma, bana mipira ya vakyumu (inayofyonzwa hewa na injini) mmojammoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa, ukianza na ule mnene wa haidrovaki ya breki (kisaidizi cha kukanyaga breki). Mlio ukitengemaa, umeukamata. Kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifodi ya hewa (mabomba yanayotoka kabureta kwenda kwenye silinda). Ukisikia injini imebadilika, ni hapo. Usitumie petroli kwa kazi hii, manifodi ya moshi iko karibu mno. Kama hakuna panapovuja, pima nafasi za valvu: zilizobana sana hazifungi sawasawa injini ikishika moto.

SWALI: Nimepima kompresheni (mgandamizo wa silinda). Silinda ya 1 na ya 4 zimesoma psi 165, ya 2 na ya 3 psi 90. Ni ringi?

JIBU: Plagi zote ulikuwa umezitoa na pedali ya mafuta umeikanyaga hadi chini? Kama ndivyo, mimina kijiko kidogo cha oili, yapata mililita 5, kwenye kila moja ya hizo mbili, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ni ringi. Kisipopanda, kwa silinda mbili zilizopakana tunashuku gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Ukiifungua, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari. Fila geji ya milimita 0.1 ikipenya chini yake, hedi imepinda: ipeleke ikasawazishwe kwa mashine kabla ya kufunga gasketi mpya.