Vitu vya sadaka kwenye mnada wa mtandaoni: maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyotolewa na watu, na kama yanafanikiwa yakivipeleka kwenye mnada wa mtandaoni. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kuliko mengine, maana yamebeba fedha za wahitaji.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kujitolea katika duka la hisani linalofadhili kituo cha watoto. Kamati inataka tuanze kuuza kwa mnada mtandaoni. Je, inalipa kweli au ni kelele tu?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Inalipa, ila kwa sehemu ndogo tu ya vitu mnavyopokea. Nikupe visa viwili vya Marekani uone ninachomaanisha.

Mwaka 2015 mtu mmoja aliingia duka la Goodwill, shirika la hisani lenye maduka ya vitu vilivyotumika, mjini Phoenix, akakuta saa kuukuu ya wapiga mbizi, akailipia dola 5.99. Kumbe ilikuwa LeCoultre ya aina inayosakwa na wakusanyaji wa saa. Aliiuza dola 35,000. Siwezi kumlaumu aliyebandika ile bei. Mtu anayepanga mamia ya vitu kwa siku hawezi kujua thamani ya kila kimoja.

Kisa cha pili ni cha mwanzoni mwa 2024. Goodwill ya DuBois, Pennsylvania, ilikuwa imepokea mchango wa vito, na ndani yake mlikuwa na kinyago kidogo cha Lego, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, cha dhahabu ya karati 14. Kilitengenezwa mwaka 2001, na vya aina hiyo vilikuwa 30 tu. Pale dukani hawakukijua. Walikiweka mnadani kwa bei ya kuanzia dola 14.95, na wakusanyaji wenyewe, kwa madau yao, wakaifichua thamani yake. Hatimaye kilikwenda kwa dola 18,101.

Tofauti ya visa hivyo ndiyo jibu langu. Mnada hauhitaji muuzaji ajue bei. Unahitaji watu wawili tu wanaokitaka kitu kwa dhati, hata kama mmoja yuko bara jingine, wakutane mahali pamoja. Rafu ya duka haiwezi kuwakutanisha watu hao. Goodwill waliliona hilo mapema: tawi lao la Orange County, California, lilifungua tovuti ya mnada ya ShopGoodwill mwaka 1999, miaka minne tu baada ya eBay, tovuti kubwa ya mnada, kuanza, na hadi leo matawi mengine huuzia humo.

Sasa kwa kuwa wewe ni mhasibu, nakuomba usipeleke kwenye kamati bei ya mwisho ya mnada. Peleka kilichobaki. Ondoa ada ya tovuti, ada ya malipo, boksi, gundi, na vitu vilivyorudishwa. Kisha andika muda: nani alikichagua kitu, akakisafisha, akakijaribu, akakipiga picha, akaandika maelezo, akajibu maswali ya wanunuzi, akafungasha, akapeleka posta. Kikombe cha bei ya chini hula dakika sawa na kamera ya bei ya juu, wakati mwingine hula zaidi kwa sababu kinavunjika. Nimeona maduka yakishangilia mauzo makubwa ya mtandaoni huku mshahara wa anayefungasha ukiwa umeyameza yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali ya watoto.

SWALI: Tupeleke vitu gani mnadani, na vipi tuviuze kwa bei iliyopangwa?

JIBU: Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Miaka ya mwanzo ya eBay karibu kila kitu kilikuwa mnada. Baadaye mambo yakageuka. Mchumi Liran Einav na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti ulioonyesha jinsi minada ilivyozidiwa na bei zilizopangwa kwenye tovuti hiyo, na sababu mojawapo ni kwamba wanunuzi walichoka kusubiri. Anayetaka shati jeupe hataki kukaa siku saba akishindania shati jeupe. Kwa hiyo nguo za kawaida, vyombo vya kawaida na vitabu ambavyo vimejaa kila mahali visiende mnadani. Kitabu chenye ISBN, ile namba ya utambulisho inayochapishwa juu ya kitabu, unaweza kuona kinauzwa kiasi gani kwingine kwa nusu dakika. Kipangie bei yako na uendelee.

Mnadani peleka kile ambacho huwezi kukipata kingine cha kulinganisha nacho, au ambacho huna hakika na bei yake hata baada ya kutafuta. Vito, saa za mkono, kamera na lenzi zake, ala za muziki, wanasesere na vinyago vya zamani, sarafu, stempu, vyombo vya fedha. Vitu vidogo vyenye thamani husafirishika kwa urahisi, na hilo peke yake ni nusu ya faida.

Vito nivizungumzie kidogo. Maduka mengi hupokea mfuko wa mikufu iliyosokotana, na huuza mfuko mzima kwa uzito. Kabla hujafanya hivyo, mkalishe mtu mmoja mwenye macho mazuri, taa na kioo cha kukuzia. Atazame kwenye kifungio cha mkufu na ndani ya pete. Akikuta 925, hiyo ni fedha. Akikuta 585 ni dhahabu ya karati 14, na 750 ni ya karati 18. Alama si uthibitisho wa mwisho, kwa hiyo kipande hicho kipelekwe kwa sonara akipime, kisha kiingie mnadani peke yake. Wanaonunua mifuko hiyo mtandaoni wanazikuza picha zenu wakitafuta alama hizohizo. Mkiacha kutazama ninyi, watatazama wao.

Kamera nayo ina siri yake. Elekeza tochi kwenye lenzi, tazama upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Uandike kwenye maelezo na uupige picha.

SWALI: Bei ya kuanzia iwe ndogo ili kuvutia watu, au kubwa ili tusipate hasara?

JIBU: Inategemea kuna wanaokitaka wangapi. Kitu kinachojulikana kutafutwa na wengi, anza chini. Madau ya mwanzo huwaita wengine. Kitu cha watu wachache sana, anza kwenye kiasi ambacho hata akijitokeza mmoja hamtajuta. Wengine huweka bei ya siri ambayo isipofikiwa kitu hakiuzwi. Mimi siipendi, kwa sababu huwakatisha tamaa wanaoweka madau bila kujua wamefika wapi.

SWALI: Mtu mmoja huwa anatokea sekunde za mwisho na kuwanyang'anya wengine. Huo si ulaghai?

JIBU: Hapana. Tovuti nyingi za mnada hukuruhusu kuandika kiwango chako cha juu kabisa, kisha mfumo unakupandishia dau kidogokidogo pale tu mwingine anapokupita. Kwa hiyo mshindi hulipa kidogo zaidi ya dau la aliyemfuata, hata kama alikuwa tayari kulipa mara mbili yake. Mchumi William Vickrey alieleza mantiki ya mnada wa namna hiyo mwaka 1961, na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobeli. Wanaolalamika kwamba wamenyang'anywa mara nyingi ni wale ambao hawakuandika kiwango chao cha kweli tangu mwanzo. Ninyi kama wauzaji fanyeni jambo moja tu: mnada ufungwe saa ambayo watu wengi wako macho na hawako kazini.

SWALI: Mshindi amekataa kulipa. Tumwite wa pili?

JIBU: Mwite, ila kwa dau lake yeye, si kwa dau la aliyekimbia. Akikataa, rudisheni kitu mnadani. Kile kinyago cha dhahabu nilichokitaja kilipitia hayo: dau lilipanda hadi dola 33,000, mnunuzi akajitoa, na ndiyo maana bei halisi ikawa ndogo kuliko hiyo. Funzo la kihasibu hapo ni kwamba msiitumie fedha ambayo haijaingia benki. Na anayekimbia, mfungieni.

SWALI: Tukitangaza kwamba fedha zinakwenda kwa wahitaji, watu watatoa zaidi?

JIBU: Kidogo, ndiyo. Watafiti Daniel Elfenbein na Brian McManus walilinganisha vitu vinavyofanana kwenye eBay, vingine vikiuzwa kwa ajili ya hisani na vingine la, wakakuta vya hisani vilipata wastani wa takriban asilimia 6 zaidi. Utafiti wao ulitoka mwaka 2010. Asilimia 6 si ya kudharau, lakini haiwezi kuokoa picha yenye giza. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mtandaoni hakijiuzi mpaka kionekane. Piga picha mchana karibu na dirisha, mbele, nyuma, chini, na kila mkwaruzo kwa karibu. Mnunuzi anayeujua mkwaruzo kabla ya kulipa harudishi mzigo.

Kisha andika, kwa sentensi moja tu, fedha zinafanya nini. "Mauzo haya yanalipia chakula cha mchana cha watoto wa kituo" inatosha, mradi ni kweli.

SWALI: Wanaojitolea dukani wanaruhusiwa kushindania vitu vyetu wenyewe?

JIBU: Wasiruhusiwe. Aliyekiona kitu kabla ya picha anajua mengi kuliko mnunuzi, na hata akishinda kwa haki, hakuna atakayeamini. Liandikeni, kila mmoja atie sahihi.

SWALI: Nilitoa kamera ya marehemu baba kwenye duka la hisani nikiamini itampata kijana asiye na uwezo. Juzi nimeiona mtandaoni watu wakiishindania kwa bei kubwa. Nimeumia. Nina haki ya kuumia?

JIBU: Pole sana kwa kumpoteza mzee. Unayo haki, na sitajaribu kukuondolea hisia hiyo kwa hesabu.

Lakini naomba uangalie pande mbili. Duka la hisani halipo ili kumpa mhitaji kitu chenyewe tu. Mengi yapo ili kukigeuza kitu kuwa fedha, na fedha kuwa huduma. Kamera ya baba ikiuzwa kwa bei yake ya kweli imefanya kazi kubwa zaidi kuliko ingeuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu ambaye naye angeipeleka mnadani kesho yake. Hilo la pili hutokea sana.

Kosa ninaloliona ni kwamba hukuambiwa. Penye meza ya kupokelea pangekuwa na maandishi makubwa: baadhi ya vitu vitauzwa mtandaoni. Uingereza, mtoaji aliyejiandikisha kwenye mpango wa Gift Aid huandikiwa na duka kujulishwa vitu vyake viliuzwa kiasi gani, kwa sababu serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni ya mauzo hayo. Barua kama hiyo ingekufikia, ungejua kamera ya baba imemfanyia nani nini. Waandikie, waulize. Wakiwa waungwana watakujibu. Na siku ukitaka kitu kimfikie kijana fulani, mpe mkononi.

SWALI: Tangu tuanze mnada, wateja wetu wa dukani wanasema tumewaachia makapi. Wana haki?

JIBU: Wana haki, na kamati ikiwapuuza itawapoteza, mara nyingi haohao ndio wanaowaletea michango. Wekeni mpaka ulioandikwa: kitu kiende mtandaoni tu ikiwa kinatarajiwa kuleta mara tano au zaidi ya bei ya rafuni, baada ya gharama zote. Namba hiyo ni ya kwangu, ibadilisheni kulingana na daftari lenu. Masweta, sufuria, viti, vitanda na nguo za watoto vibaki dukani hata kama kuna mtu mbali angevilipia zaidi kidogo. Na kitu ambacho kimepita mnadani mara mbili bila dau kirudi rafuni kwa bei ya kawaida wiki hiyohiyo, kisilale stoo.