Sindano ilichomwa zahanati, kanzu ina kosa gani?

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu alichomwa sindano mwezi uliopita. Tangu hapo akimwona mtu mwenye nguo nyeupe analia. Ijumaa baba yake akivaa kanzu, anajificha nyuma yangu. Shati la buluu halimshughulishi. Ni deko?
Mama wa Mikindani, Mtwara

JIBU: Si deko, mama. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto ameunganisha maumivu na koti la mhudumu, na hofu ikasambaa kwa vinavyofanana nalo. Mwaka 1920 huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimtia mtoto mchanga hofu ya panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake. Baadaye akamwogopa sungura, hata koti la manyoya, lakini vibao vyake vya kuchezea aliendelea kuvichezea. (Ukatili mtupu, leo jaribio hilo lisingeruhusiwa.)

Kwanza tafuta anachokiogopa hasa, maana huenda si weupe bali ni harufu ya spiriti. Mwonyeshe shuka nyeupe kambani, kisha kanzu iliyotundikwa. Akitulia kwa vyote viwili, hofu yake iko kwa mtu aliye ndani ya nguo.

Kama ni kanzu, itundike mbali, mahali anapoiona bila kununa, tuseme hatua kumi. Akishaiona, ndipo mpe kipande cha embe. Usigeuze mpangilio: embe likitangulia, litageuka kuwa ishara kwamba kanzu inakuja, na embe lenyewe atalikataa. Dakika tano kwa siku zatosha. Sogeza hatua moja moja, na akinuna rudi ulipokuwa jana. Akiweza kuishika, baba aivae mbele ya macho yake, aone sura ni ileile. Mary Cover Jones alimwondolea mtoto mmoja hofu ya sungura kwa njia kama hii mwaka 1924.

Kinachoharibu ni haraka, na pia kumkimbiza ndani kila anapolia: anajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Na ule mtindo wa "nitakupeleka ukachomwe" uacheni kabisa. Mpitishe zahanati hata siku isiyo na sindano, ya kupima uzito tu.

SWALI: Nilikula pweza nikatapika usiku kucha. Sasa hata ngisi simtaki, ila samaki nakula.
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Kuichukia ladha iliyofuatwa na kichefuchefu huweza kujifunzwa kwa mara moja tu. John Garcia na wenzake walionyesha mwaka 1966 kwamba panya hukataa ladha hata kichefuchefu kikichelewa zaidi ya saa moja. Ngisi anamkaribia pweza kwa utafunaji na harufu. Samaki kama changu yuko mbali nao. Anza na kipande kidogo cha ngisi, kwa mapishi tofauti na ya siku ile: kama pweza alikuwa wa kuchoma, ngisi awe wa nazi. Lakini kama uliwashwa, ukavimba midomo au kubanwa kifua, usionje. Nenda hospitali kwanza, kwani huo huenda ni mzio, na mwenye mzio wa pweza anaweza kudhurika na ngisi pia.