Kamera ndogo ya zawadi: maswali yenu na majibu yangu

Mahafali ya kidato cha nne na harusi za mwisho wa mwaka zimekaribia, na barua nyingi zinauliza kuhusu kamera ndogo ya mfukoni ya kumpa mtu zawadi. Naanza na swali linaloulizwa kuliko yote.

Kaka, simu za siku hizi zinapiga picha nzuri. Kuna haja gani ya kumpa mtu kamera? (Arusha)

Kwa picha ya mtu aliyesimama mbele yako mchana, simu inatosha, na hilo ndilo lililoangusha soko la kamera hizi. Mwaka 2010 kampuni zilizo chini ya CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zilipeleka sokoni zaidi ya kamera milioni 100 zenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2.

Zilizobaki zimebaki kwa kazi ambazo simu nyingi bado haziziwezi: kuvuta kitu cha mbali kwa lenzi yenyewe, kumulika chumba chenye giza kwa flashi ya kweli, kuzama majini. Kuna faida nyingine ninayoithamini sana kwa watoto: kamera inampa picha bila kumpa mitandao.

Nimeona mtandaoni kamera ya megapikseli 64, zumu mara 16, video ya 4K, bei chini ya simu ya kawaida. Nimnunulie mdogo wangu anayemaliza shule? (Mwanza)

Usinunue, dada yangu. Nakusihi kabisa, kwa sababu kamera za namna hii zimejaa kila mahali na zinawavunja moyo vijana waliokuwa na hamu ya kweli ya kupiga picha.

Mara nyingi namba hizo zimechakachuliwa. Ndani kuna kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha) kidogo, cha kiwango cha simu za bei ya chini, na programu ya kamera inaipanua picha mpaka ifikie idadi iliyoandikwa kwenye boksi. Faili linakuwa kubwa, lakini nywele na nyuzi za nguo hazionekani vizuri zaidi. Zumu nayo ni ya dijitali: kamera inakata kipande cha katikati ya picha na kukipanua, jambo ambalo mdogo wako anaweza kulifanya kwa simu yake bila gharama.

Itazame kamera kwa mbele. Lenzi inayovuta kweli huwa imeandikwa namba mbili za milimita zenye kistari katikati. Ukikuta namba moja tu, haivuti. Kwenye kamera nyingi za aina hii utaiona pia ikitoka na kurudi unapobonyeza zumu. Halafu angalia flashi. Kitaa kidogo cha LED kama cha tochi ya simu hakitafika meza ya pili ukumbini. Flashi ya xenon ndiyo inayotoa mwako mkali wa ghafla.

Na hizo megapikseli zote ni za nini? Ukienda kusafisha picha ya sentimita 10 kwa 15, megapikseli 2 zinatosha. Ukubwa wa A4 unataka karibu 9. Kinacholeta tofauti usiku, kwenye send-off au mkesha, ni ukubwa wa kihisi. Kamera nyingi za bei nafuu zinazotoka kwenye kampuni zenye jina zina kihisi cha takriban milimita za mraba 28. Zile zinazoitwa za "inchi 1" zina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, yaani mara nne ya hicho, na picha za taa hafifu zinatoka safi zaidi.

Ukiwa na bajeti ndogo, tafuta Kodak PIXPRO FZ55 yenye megapikseli 16 na zumu ya lenzi mara 5, au Canon IXUS 285 HS yenye megapikseli 20 na zumu mara 12. Hazina maajabu, ila kila kilichoandikwa kwenye boksi utakikuta ndani.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 68 na anaishi kijijini Njombe. Mimi niko Muscat, nataka kumpelekea kamera ya kupigia wajukuu. Asihangaike nayo. (Muscat)

Marahaba, mwanangu. Kwa mama, fikiria umeme kwanza. Kamera nyingi zina betri yake maalumu na chaja yake, na chaja ikipotea kijijini, kamera nayo imekwisha. Kodak PIXPRO FZ45 inatumia betri mbili za AA ambazo hata duka la kijijini huwa nazo. Lakini mwambie mapema kwamba zile za bei rahisi tunazoweka kwenye redio na tochi hazina nguvu ya kuendesha kamera, zitazima baada ya picha chache na atadhani kamera ni mbovu. Mpelekee betri nne za AA za kuchaji, aina ya NiMH, pamoja na chaja yake. Mbili zikiwa kwenye kamera, mbili zinangoja.

Kabla ya kuituma, iwashe wewe mwenyewe. Weka tarehe na saa, zima milio usiyoitaka, acha kamera kwenye hali ya kujiendesha yenyewe. Na usiishie kwenye kamera. Mtafute kijana wa studio mjini Njombe au Makambako, ulipie kabisa kusafisha picha 50. Mama wa umri huo anataka picha ya kushika mkononi na kuibandika ukutani, na kadi iliyojaa picha zisizosafishwa haimfikishii zawadi uliyoikusudia.

Mchumba wangu anataka zile kamera za zamani za miaka ya 2000, anasema picha zake zina rangi anayoipenda. Natafuta ya mtumba. Niangalie nini? (Nairobi)

Anza na kadi, kabla hata ya kuuliza bei. Olympus na Fujifilm nyingi za wakati ule zilitumia kadi ya xD, na Sony zilitumia Memory Stick. Kuzipata leo ni shida na bei yake inaudhi. Chagua inayotumia SD. Hata hapo kuna mtego: kadi za SDHC, yaani SD zenye nafasi zaidi ya GB 2, zilianza 2006, kwa hiyo kamera iliyotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida haisomi kadi inayozidi GB 2. Ukiipelekea ya GB 64 itakuambia kadi ina hitilafu, na muuzaji atasema kosa ni lako.

Ukifika mtaa wa Luthuli au popote unaponunua, nenda na kadi yako na betri iliyochajiwa ikiwezekana. Washa, vuta zumu mpaka mwisho na uirudishe, sikiliza kama lenzi inakwaruza. Piga picha ya ukuta mweupe, kisha ya mbingu. Madoa yanayokaa mahali palepale kwenye picha zote mbili ni vumbi au ukungu uliokwisha kuingia ndani, na kamera ndogo haifunguki kirahisi kusafishwa. Piga moja kwa flashi. Ukiona tarehe inajifuta kila unapotoa betri, hilo si kubwa, ni betri ndogo ya saa iliyochoka.

Ndugu yangu anatembeza wageni baharini Mnemba na Kizimkazi. Anataka kamera ya kuzama nayo. (Unguja)

Mpe OM System Tough TG-7 ya mwaka 2023, au TG-6 iliyoitangulia. Zote zinazama mita 15 bila kifuko na zinastahimili kuanguka kutoka mita 2.1. Megapikseli ni 12 tu na zinatosha. Kwa bei ya chini zaidi kuna Kodak PIXPRO WPZ2, nayo ya mita 15, ingawa picha zake hazifikii hizo.

Kinachoua kamera hizi ni mchanga kwenye kifuniko cha betri. Punje moja kwenye mpira wa kuzuia maji inatosha kuingiza bahari. Aukague kila kabla ya kuzama, na akitoka ailoweke kwenye maji yasiyo na chumvi. Akiwa anapiga mbizi kuvuka mita 15, atahitaji kasha lake maalumu.

Kwa kuwa zimezibwa na lenzi haitoki nje, ni nzuri vilevile kwa mtoto anayecheza kwenye vumbi. Yule mama wa Dodoma aliyeniuliza kamera ya kumpa kijana wake wa miaka 10, jibu lako ni hilo pia, na WPZ2 inamtosha.

Bajeti si tatizo. Mume wangu anapenda safari za mbugani na picha za familia. (Mombasa)

Basi Sony RX100 VII. Ina kihisi cha inchi 1, lenzi ya 24–200 mm (namba ya pili ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi), na kitundu cha kuchungulia kinachosaidia sana jua la saa sita linapofuta kioo. Canon G7 X Mark III inapiga vizuri ndani ya nyumba lakini inaishia 100 mm, simba atakuwa nukta. Fujifilm X100VI inayosifiwa sana haina zumu kabisa, na kwa mbugani nisingeichukua.

Usiagize Sony iliyotengenezwa kwa soko la Japani, hata ikiwa bei ni ya kuvutia. Menyu yake ni Kijapani tu na haibadilishwi. Na kwa kuwa mko pwani, iwekeni kwenye kopo linalofunga pamoja na vipakiti vya silika, maana unyevunyevu wa Mombasa huotesha ukungu ndani ya lenzi.

Niweke nini kwenye boksi mbali na kamera? (Morogoro)

Kadi ya GB 32, betri ya pili, na mkanda wa mkononi. Kadi feki ni nyingi: imeandikwa GB 128, ndani ni 8, na picha zikijaa zinaanza kupotea kimyakimya. Ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza kadi yote na kuisoma upya. Ikipita, ifomati ndani ya kamera yenyewe, chaji betri zote mbili zijae, kisha ndipo ufunge zawadi. Atakayeipokea atataka kuitumia papo hapo, watu wakiwa bado wamekusanyika.