Re: Sesamini ya ufuta ni lignani au oksineolignani?

Habari mkuu, nimekusoma. Umekwama kwa sababu sesamini, ile kemikali ya mbegu za ufuta, ina oksijeni kwenye pete za katikati ukaona lazima iwe oksineolignani. Hapana, ni lignani kabisa. Lignani, neolignani na oksineolignani zote ni kemikali za mimea zenye vipande viwili, tofauti ni jinsi vinavyoungana.

Anza hivi, usiangalie oksijeni kwanza, tafuta vile vipande viwili vya C6C3, kila kimoja pete ya benzini na mkia wa kaboni tatu, pete unahesabu 1 mpaka 6 na mkia 7, 8, 9, kipande cha pili vivyo hivyo ila unaweka alama ya '. Sasa cheki 8 na 8' kama zimeshikana moja kwa moja. Zimeshikana? Lignani, basi. Kwenye sesamini zimeshikana, zile oksijeni zinaunga 7 na 9', halafu 7' na 9, ni madaraja ya ziada tu.

Magnololi ya gome la magnolia ndo neolignani, pale vipande vimeungana pete kwa pete. Oksineolignani unaiita pale ambapo oksijeni yenyewe ndo kiungo cha vipande viwili. Huo ndo utaratibu wa majina wa IUPAC (shirika la kimataifa la kemia) wa 2000, vitabu vya zamani vinachanganya sana hapo.

Chora podofilotoksini (kemikali nyingine ya mimea) uhesabu mwenyewe, utaiona 8-8' tena.