Maswali ya Wasomaji: Hija ya Santiago, tuanzie wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na mama mdogo, mwenye miaka 58, tunataka kwenda hija ya Mtakatifu Yakobo kwa miguu hadi Santiago de Compostela, Hispania. Tuna siku 21 tu, pamoja na safari ya ndege. Tungependa kupita milimani. Kila tunayemuuliza anatuambia tuanzie Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa. Je, ni lazima? – Msomaji, Moshi

JIBU: Milele amina. Si lazima hata kidogo. Zamani mtu alianza hija mlangoni kwake, na hadi leo hakuna mahali rasmi pa kuanzia. Sharti la cheti, yaani Compostela, ni kutembea angalau kilomita 100 hadi Santiago (kwa baiskeli 200), na katika kilomita hizo kugonga mihuri miwili kwa siku kwenye kitabu chako cha mhujaji.

Kwa hiyo hesabuni kutoka Santiago kurudi nyuma. Katika siku 21 toeni nne za safari ya kwenda na kurudi, moja ya kukaa Santiago, na mbili za akiba, maana goti huvimba bila kumwomba mtu ruhusa. Zinabaki 14. Saint-Jean iko kilomita 770 na ushee kutoka Santiago, kazi ya siku 33 hivi. Haiingii.

Sisi tungeanzia Astorga. Ni takribani kilomita 260, mnafika kwa basi kutoka Madrid, na milima mnayoitaka iko hapo mbele. Siku ya kwanza ni kilomita 20 za mwinuko mdogo hadi Rabanal, zinazotosha kuipa miguu taarifa. Siku ya pili mnapita Cruz de Ferro, msalaba wa chuma kwenye mita 1,500 hivi, ambapo mahujaji huacha jiwe walilotoka nalo kwao. Msidanganyike kwamba kupanda ndiko kugumu: kutoka hapo hadi Molinaseca mnashuka karibu mita 900 juu ya mawe, na huko ndiko magoti na kucha za vidole vya miguu huharibika. Mama akichoka, laleni El Acebo, katikati ya mteremko, na kesho yake mtelemke kwa nafuu. Kila mmoja awe na fimbo mbili, kamba za viatu zikazwe kabla ya kuanza kushuka, na begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili.

Mlima wa pili ni O Cebreiro, mita 1,300 hivi. Wengi huupanda siku ileile waliyotoka Villafranca del Bierzo, kilomita 28, na kilomita nane za mwisho ndizo zenye mwinuko mkali wakati miguu imeshakwisha. Laleni Las Herrerías, chini yake, muupande asubuhi. Vivyo hivyo, igawanyeni siku ya Palas de Rei hadi Arzúa (kilomita 29) kwa kulala Melide. Mkifanya hivyo, siku 14 zinatosha. Kuanzia Sarria watu huongezeka sana, kwa kuwa wanaotafuta cheti tu huanzia hapo. Wekeni nafasi za kulala mapema. Mwaka 2027 ndio zaidi: Julai 25, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, itaangukia Jumapili, hivyo ni Mwaka Mtakatifu.

SWALI: Ninaishi Brussels na nina muda wa kutosha. Nimeamua kuanzia Saint-Jean mwanzoni mwa Novemba. Kuna lolote la kuangalia? – Msomaji, Ubelgiji

JIBU: Tarehe yako ndiyo tatizo, ndugu. Kutoka Saint-Jean, njia ya juu ya kuvuka milima ya Pirenei, iitwayo ya Napoleon, hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 kwa sababu ya theluji, ukungu na upepo. Usijaribu kupenya. Shika njia ya bondeni ya Valcarlos, inayovuka mlima kwenye Ibañeta, mita 1,057. Ni nzuri pia, ila sehemu nyingine ni kando ya barabara ya magari, kwa hiyo vaa kitu chenye rangi kali.

Ukisogeza safari hadi Mei au Septemba, njia ya juu inakupandisha kutoka mita 170 hivi hadi zaidi ya 1,400, kisha unashuka Roncesvalles, jumla kilomita 25 kwa siku moja. Kosa la kawaida ni kufika kwa treni ya jioni kutoka Bayonne na kuondoka alfajiri ukiwa na usingizi na chupa moja ya maji. Lala Orisson, kilomita nane kutoka Saint-Jean. Vitanda ni vichache, viwekee nafasi miezi kadhaa kabla. Jaza lita mbili hapo, kwani mbele maji ni ya kubahatisha. Ukifika juu kabisa, acha njia ya mkato inayoporomoka msituni, pinda kulia upitie Ibañeta: ni mbali kidogo, lakini magoti yako utayahitaji mwezi mzima.

SWALI: Nikianzia Ufaransa na kumalizia Hispania, viza naomba ubalozi gani? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Wa Hispania, kwa sababu ndiko utakakolala siku nyingi zaidi, usiku mmoja wa Saint-Jean haubadilishi kitu. Peleka maombi mapema, yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, ukiwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Watu wengi hukwama kwenye uthibitisho wa malazi, maana hosteli za manispaa hazipokei nafasi za kuwekwa mapema. Tumia za watu binafsi kwenye ratiba unayowasilisha.