Blundell: mkulima aliyeitwa msaliti na wenzake

Ndugu uliyeuliza kama kuna mlowezi yeyote aliyekubali Waafrika watawale: mtafute Michael Blundell. Alizaliwa Uingereza 1907, akaja Kenya 1925 akiwa kijana wa miaka 18, akawa mkulima bara huko, upande wa Subukia. Walowezi wengi wa enzi hizo walishukia hapa kwetu Kilindini, bandari ya Mombasa, wakapanda garimoshi kwenda bara. Kila nikipita pale nikielekea feri huwafikiria, na mashamba waliyokuta yana wenyewe.

Vita vya pili vya dunia aliongoza askari Wajaluo. Mwaka 1948 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, baadaye akawa Waziri wa Kilimo. Tusimtakase lakini: wakati wa Mau Mau alikaa kwenye baraza la vita la serikali ya kikoloni, na hilo kwangu ni zito.

Ila 1960 kule Lancaster House, London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, alikubali Waafrika wawe wengi bungeni. Aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimrushia miguuni sarafu thelathini pale pale uwanja wa ndege. Thelathini, hesabu ile ile aliyolipwa Yuda kumuuza Yesu. Hebu fikiria sarafu zinavyolia sakafuni mbele ya watu, na anayekutupia ni mzungu mwenzako!

Baada ya uhuru hakukimbia. Aliishi Kenya hadi alipofariki 1993, na akaandika hata kitabu cha maua ya porini ya nchi hii.