Emilia na ile leso: ana kosa au hana?

SWALI: Shikamoo dada. Kwenye kikundi chetu cha maigizo tunafanya Othello ya Shakespeare na tumegombana kuhusu Emilia, mke wa Iago ambaye ndo mtumishi wa Desdemona. Yeye ndo aliokota leso ya Desdemona akampa mumewe, na kwa leso hiyo Iago akamdanganya Othello, mume wa Desdemona, kwamba mkewe anatembea na Cassio, msaidizi wake jeshini, mpaka Othello akamuua mkewe. Wenzangu wanasema Emilia ni muuaji sawa na Iago, mi nasema alimtii mumewe tu na hakujua kitu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naona wote mmeng'ang'ania pale alipookota leso, na kwangu mimi kosa kubwa haliko pale. Leso imedondoka yenyewe, Desdemona alitaka kumfunga mumewe kichwa, mume akaisukuma, wakaondoka. Emilia anaiokota na anasema wazi kwamba Iago kashamwomba aibe hata mara mia, anaitakia nini hajui, anachotaka ni kumridhisha. Hapo nakubaliana na wewe, hakujua. Ila soma mistari inayofuata, Iago akishainyakua Emilia anamwambia kama huna kazi nayo ya maana nirudishie, maskini bibi yangu atachanganyikiwa akiikosa. Kwahiyo hakujua mpango, lakini kwamba bibi yake ataumia alijua vizuri tu.

Sasa nenda tendo la tatu, onyesho la nne. Desdemona anamuuliza, hivi Emilia ile leso nimeipotezea wapi? Anajibu, sijui bibi. Basi, mi naona kosa lake liko hapo. Kumpa mume leso unaweza kusema ni utii, enzi zile mke alikuwa chini ya amri ya mume kabisa, ila hakuna aliyemwamuru adanganye, Iago hata hayupo pale. Na muda huohuo Othello anaingia anaidai leso, anarudia na kurudia mpaka anaondoka kwa hasira, Emilia kasimama anaona yote, halafu anamuuliza Desdemona huyu mtu hana wivu kweli? Angesema tu nimempa mume wangu, uongo wa Iago ungeishia palepale na Desdemona asingekufa.

Kuna kitu kinanifanya niamini Shakespeare alifanya hivi makusudi. Stori aliichukua kwa Mwitaliano Cinthio, ya mwaka 1565, na mle yule mume aliye kama Iago anaiba leso mwenyewe wakati Desdemona kambeba mtoto wa huyo mwizi wa miaka mitatu, na mke wa mwizi anajua mpango wote ila anakaa kimya kwa kumuogopa mumewe. Shakespeare kageuza, kamwondolea mke ule ujuzi wote, akampa leso mkononi na nafasi ya kusema ukweli mapema. Kosa limekuwa dogo lakini limekuwa lake mwenyewe.

Wenzako nao wamezidisha. Tendo la nne Emilia anasema, Iago yupo anasikia, kwamba lazima kuna mshenzi anayetafuta cheo ndo kamsingizia Desdemona, anamwelezea mumewe kabisa bila kumtaja! Mi naamini moyoni alishaanza kumshuku akakataa kulitazama, maana mwishoni linapofichuka anasema mwenyewe, nilifikiri hivyo tangu siku ile. Lakini muuaji sawa na Iago, hapana. Iago anamwamuru arudi nyumbani anyamaze, anakataa, upanga ushatolewa na bado anasema leso niliiokota mimi nikampa mume wangu. Angenyamaza nani angejua? Desdemona kashakufa, ukweli haukumwokoa, ila ulimsafisha jina, na Emilia aliulipia kwa maisha yake, mumewe alimchoma upanga palepale. Mi namheshimu sana kwa hilo, na bado ile "sijui" simsamehei.

Kwahiyo kwenye mazoezi mwambieni dada anayeigiza Emilia asilikimbize lile jibu, ameze mate kwanza, amtazame Desdemona halafu ageuze macho. Na Othello akianza kudai leso asikae pembeni kama fenicha, asogee, afungue mdomo kama anataka kusema, aufunge, watazamaji waone kabisa kwamba nafasi alikuwa nayo.